JINA GENI KWA MTOTO WA KIKE
Wajibu wa Mchungaji Wazazi Waletapo Jina Lisilo la Kawaida kwenye Ubatizo

1. UTANGULIZI

Katika sharika zetu swali la jina mara nyingi humfikia mchungaji wakati asipokuwa na nafasi ya kufikiri. Wazazi wamekwisha kusimama mbele ya madhabahu, wasimamizi wako kando yao, na jina linalotajwa ni jina ambalo hakuna mtu usharikani amewahi kulisikia. Mchungaji mmoja hulipokea kimya. Mwingine huuliza kwa sauti, watu wote wakisikia, kama wazazi hawana jina la Kikristo. Wa tatu hutanguliza jina la Biblia alilolifikiria papo hapo, na tangu siku hiyo mtoto huwa na majina mawili, moja la kanisani na moja la nyumbani. Kila mmoja wa hao watatu amefundisha jambo fulani juu ya ubatizo, hata kama hakukusudia kufundisha.

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hili kwa utulivu kabla ya siku ya ubatizo. Tunalitazama hasa kwa upande wa mtoto wa kike, kwa sababu ingali ipo mila ya kumpa binti jina linaloeleza mambo yasiyo yake: njaa ya mwaka ule, ugomvi wa mama na wakwe, au masikitiko ya baba aliyetazamia mtoto wa kiume. Mtoto huyo hakuulizwa. Hata hivyo jina hilo litaitwa darasani, kwenye Kipaimara, siku ya ndoa na siku ya maziko. Kwa hiyo hapana budi watumishi wa Neno wajue ni lini wapokee, ni lini washauri, na ni lini wakatae.

2. USHUHUDA WA MAANDIKO

2.1 Jina lisilokuwamo katika ukoo

Habari ya kwanza ifaayo kukumbukwa ni ile ya Luka 1:57-66. Siku ya nane jirani na jamaa walikusanyika wakiwa tayari wamempa mtoto jina la baba yake, Zakaria. Aliyewapinga kwanza ni Elisabeti, mama yake. Hoja ya jamaa ilikuwa ile ile tunayoisikia hata leo: katika ukoo wote hapana mtu mwenye jina hilo. Walimgeukia baba, naye akaandika kibaoni kwamba jina ni Yohana.

Katika jamii zetu nyingi, miongoni mwao Wachaga, ni desturi watoto wa kwanza kuitwa majina ya babu na bibi zao. Desturi hiyo ina heshima yake, kwa maana huwaunganisha walio hai na waliotangulia. Lakini Luka anatuonyesha kwamba desturi njema si sheria, na kwamba mama aliyemzaa mtoto ana sauti katika jambo hili. Jina Yohana, ambalo maana yake ni kwamba Bwana ni mwenye neema, lilikuwa geni katika ukoo ule kwa sababu Mungu alikuwa akitenda jambo jipya.

2.2 Majina ya viumbe na ya vitu vya nyumbani

Waumini wengi hudhani kwamba kila jina lililomo katika Biblia ni jina la dini. Sivyo. Debora maana yake ni nyuki. Raheli ni kondoo jike. Sipora, mke wa Musa, ni ndege. Yule mwanafunzi mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo aliitwa Tabitha kwa Kiaramu na Dorkasi kwa Kiyunani, na majina yote mawili maana yake ni paa (Mdo. 9:36). Basi mchungaji anayekubali Debora bila swali lakini anakataa jina la lugha ya nyumbani kwa sababu tu lina maana ya mnyama au ndege, hatumii kipimo cha Biblia. Anachopima ni mazoea ya masikio yake.

Mfano ulio wazi zaidi uko mwishoni mwa kitabu cha Ayubu. Wana saba waliozaliwa baada ya mateso yake hawatajwi majina, bali mabinti watatu wanatajwa: Yemima, Kesia na Keren-hapuki (Ayu. 42:14). La kwanza kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni njiwa, la pili ni aina ya mdalasini, na la tatu ni pembe ya kuwekea wanja. Majina hayo ni ya uzuri na manukato, nayo hayakuwa ya kawaida hata katika Israeli. Mstari unaofuata unaeleza kwamba baba yao aliwapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Baba aliyewapa binti zake majina ya kupendeza ndiye aliyewapa pia fungu la mali. Jina zuri na haki ya mtoto vilitoka katika moyo mmoja.

2.3 Majina ya uchungu

Maandiko hayafichi kwamba wazazi huweza kumtwika mtoto huzuni yao. Raheli akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu; Yakobo akambadilishia, akamwita Benyamini (Mwa. 35:18). Mke wa Finehasi alimwita wake Ikabodi kwa kuwa utukufu ulikuwa umeondoka katika Israeli (1 Sam. 4:21). Mama wa Yabesi alimpa jina la huzuni kwa sababu ya utungu wake, na Yabesi alimwomba Mungu kwamba jina hilo lisiwe hatima yake; Mungu akamsikia (1 Nya. 4:9-10). Naomi naye aliwaambia wanawake wa Bethlehemu wamwite Mara, yaani mwenye uchungu (Rut. 1:20). Msomaji makini ataona kwamba mwandishi wa kitabu kile hakumwita Mara hata mara moja. Aliyaandika maneno ya mjane yule kwa uaminifu, kisha akaendelea kumwita Naomi mpaka siku alipopakata mtoto kifuani.

Mfano mgumu kuliko yote ni wa mtoto wa kike. Katika Hosea 1:6 binti wa Gomeri anaitwa Lo-ruhama, Asiyehurumiwa. Hapa jina halikutoka kwa mzazi mwenye kinyongo, lilitoka kwa Mungu kama ishara ya hukumu juu ya taifa. Lakini Mungu huyo huyo hakuliacha hivyo. Katika Hosea 2:1 kiambishi cha kukanusha kinaondolewa na binti anaitwa Ruhama, Aliyehurumiwa. Mtume Petro anaichukua habari hiyo na kuieleza juu ya Kanisa lote (1 Pet. 2:10). Vivyo hivyo Isaya 62:4 inauahidi mji uliokuwa ukiitwa Aliyeachwa kwamba utapewa jina jipya, Hefsiba. Neno la Kiebrania la Aliyeachwa ni Azuba, nalo lilikuwa jina halisi la wanawake, akiwemo mama wa mfalme Yehoshafati (1 Fal. 22:42). Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba Injili yenyewe hutangazwa katika Biblia kwa njia ya kubadilishwa jina la msichana.

3. MAFUNZO YA HISTORIA YA KANISA

Wakristo wa kwanza hawakubadili majina walipobatizwa. Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea (Rum. 16:1), alikuwa na jina linalotokana na mungu wa kike wa Wayunani. Apolo na Epafrodito vilevile walibeba majina yenye asili ya miungu, na Paulo hakuwataka wayaache. Katika mtaguso wa Karthago wa mwaka 256, maaskofu 87 walitoa kauli zao pamoja na Kiprian, na ni wachache sana kati yao waliokuwa na majina ya Biblia. Majina ya mitume yalianza kupendwa taratibu. Eusebio amehifadhi ushuhuda wa Dionisio wa Aleksandria, katika karne ya 3, kwamba waumini wengi waliwaita watoto wao Petro na Paulo kwa kuwapenda mitume hao.

Katika karne ya 4 Yohana Krisostomo aliwasihi wazazi wawape watoto majina ya watakatifu. Alikemea pia desturi ya watu waliowasha taa kadhaa, wakaipa kila taa jina, kisha wakamwita mtoto jina la taa iliyokawia kuzimika ili aishi siku nyingi. Alichokikemea Krisostomo hasa ni imani iliyokuwa nyuma ya jina. Jambo hili litatufaa mbele.

Matengenezo hayakutunga orodha ya majina. Luther mwenyewe aliitwa Martin kwa sababu alibatizwa tarehe 11 Novemba 1483, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Nao binti zake waliitwa Elisabeth, Magdalena na Margarete, majina ya kawaida ya nchi yake. Mambo yalikuwa mengine huko Geneva. Mwaka 1546 Ami Chappuis alimleta mwanawe abatizwe kwa jina Claude, lililopendwa sana kwa ajili ya mtakatifu wa maeneo yale. Mchungaji, bila kumwonya, akamwita mtoto Abraham. Baba alimchukua mtoto wake, akasema atangoja mpaka afike umri wa miaka 15 achague mwenyewe. Ghasia zilitokea kanisani, na baadaye mwaka huo huo baraza la mji likatoa amri ya kuyapiga marufuku majina kadhaa. Watu wakafundishwa kuwaogopa wachungaji wao pale pale penye maji ya neema.

Upande wa pili tunao mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu huko Zaire, ambayo sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliwaamuru raia waache majina ya Kikristo yenye asili ya Ulaya na kuchukua ya Kiafrika, ikitishia kuwafunga mapadre watakaobatiza kwa majina ya kigeni. Kardinali Joseph Malula, ambaye mwenyewe alipenda ibada yenye sura ya Kiafrika, alipinga, ikambidi aondoke nchini kwa muda. Hakupinga majina ya Kiafrika. Alipinga shuruti.

Mifano hii miwili inaangazwa na kifungu cha 10 cha Fomula ya Makubaliano ya mwaka 1577, kinachohusu mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza. Katika mambo hayo Kanisa lina uhuru. Lakini mtu akiyafanya kuwa sharti, suala hugeuka kuwa la ungamo la imani, kwa maana uhuru wa Injili unaguswa. Jina la mtoto ni mojawapo ya mambo hayo.

4. UBATIZO NA JINA

Wapo waumini wanaosema, "Mtoto amepewa jina na mchungaji." Usemi huu unahitaji kusahihishwa kwa upole. Ubatizo ni maji pamoja na Neno la Mungu. Jina la mtoto hutajwa ili ijulikane ni nani anayebatizwa, kwa kuwa ahadi humjia mtu fulani mahususi. Jina linalotenda kazi katika ubatizo ni la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther anafundisha kwamba kubatizwa kwa jina la Mungu ni kubatizwa na Mungu mwenyewe, ingawa mkono unaoonekana ni wa mwanadamu.

Kutokana na hayo yanafuata mambo matatu. Kwanza, ubatizo wa dharura wa mtoto mchanga anayekaribia kufa ni halali hata kama wazazi hawajachagua jina. Pili, hakuna jina linaloongeza wala kupunguza neema: binti aitwaye Maria hajabatizwa vizuri kuliko binti aitwaye Chausiku. Tatu, mtu akibadili jina baadaye, ubatizo wake hauguswi wala haurudiwi.

Lakini tusiseme basi kwamba jina si kitu. Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina (Yn. 10:3), na Maria Magdalene alimtambua Bwana aliyefufuka aliposikia jina lake likitamkwa (Yn. 20:16). Jina linaloitwa na Kristo namna hiyo lisiwe tusi midomoni mwa wazazi.

5. AINA ZA MAJINA MAGENI

5.1 Majina ya lugha za nyumbani. Haya mara nyingi huonekana mageni kwa sababu tu mchungaji ametoka kabila jingine. Kwa Wanyakyusa, ambako wamisionari wa Berlin walifika mwaka 1891, Atupele ni "ametupa", Tusajigwe ni "tumebarikiwa", Ipyana ni "neema" na Lugano ni "upendo". Hayo ni mahubiri mafupi. Wachaga na Wapare wana majina kama Elirehema na Elifuraha, ambamo neno la Kiebrania la kumtaja Mungu limeungana na maneno yetu. Mchungaji asiyejua maana na aulize. Atajifunza teolojia ya waumini wake.

5.2 Majina ya hali na ya mafumbo. Hapa wamo akina Shida, Tabu, Mashaka, Majuto, Sikujua na Sikudhani. Baadhi ni kumbukumbu tu ya wakati, kama Chausiku aliyezaliwa usiku au Mwamvua aliyezaliwa wakati wa mvua, wala hayana ubaya. Mengine ni ujumbe uliotumwa kwa jirani, kwa mume au kwa wakwe, na mtoto amefanywa kuwa barua. Mama ambaye hakuruhusiwa kulalamika kwa kinywa chake hulalamika kila amwitapo binti yake. Mchungaji akilikataa jina bila kuisikia habari hiyo, atakuwa ameitupa barua pasipo kuisoma. Kazi yake ya kwanza hapo ni kwa mama.

Uzito wa jambo hili umeonekana hata mbali na kwetu. Katika wilaya ya Satara, jimbo la Maharashtra nchini India, mamia ya wasichana walikuwa wakiitwa Nakusa au Nakushi, maana yake "asiyetakiwa", kwa kuwa wazazi walitaka mtoto wa kiume. Mwezi Oktoba 2011 wasichana 285 walikusanywa katika sherehe ya hadhara wakapewa vyeti vyenye majina mapya waliyoyachagua. Serikali ya wilaya ilifanya kwa vyeti jambo linalofanana na lile ambalo Hosea alilitangaza kwa Neno. Kanisa linalohubiri Ruhama halipaswi kuwa nyuma.

5.3 Majina ya kinga. Katika jamii kadhaa mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa huitwa jina baya, kama la takataka au jalala, ili mauti au pepo wamdharau na kumpita. Hapa onyo la Krisostomo juu ya taa linahusika. Tatizo si ubaya wa sauti. Ni hofu inayotafuta ulinzi penginepo. Lakini hofu ya wazazi waliozika watoto haiondolewi kwa kukemewa. Wafundishwe kwamba mtoto anatiwa alama ya msalaba na kuwekwa chini ya jina lililo juu ya kila jina, ndipo wenyewe wataona kwamba hakuna haja tena ya kumficha.

5.4 Majina ya kubuniwa na ya kigeni. Wazazi vijana huunganisha silabi za majina yao wawili, au huchukua jina kutoka katika filamu, au la kitu cha dukani. Wengi hawana nia mbaya. Wanataka binti yao asiwe mmoja wa kumi wenye jina moja darasani. Hapo maswali ni ya hekima: Je, jina lina maana mbaya katika lugha lilikotoka? Je, bibi yake ataweza kulitamka? Je, linaandikika namna moja? Jina linaloandikwa kwa namna tofauti katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo na vyeti vya shule humletea mwenyewe usumbufu wa miaka mingi, mpaka kwenye kitambulisho cha taifa.

5.5 Majina ya watu wabaya wa Biblia. Mtu hulitia jina sifa. Jina halimtii mtu dhambi. Katika Matendo ya Mitume wamo watu watatu waitwao Anania: mwongo (5:1), mwanafunzi mwaminifu wa Dameski (9:10) na kuhani mkuu aliyeamuru Paulo apigwe (23:2). Safira ni jina la kito cha thamani. Hata hivyo wazazi waelezwe habari ambayo wasikilizaji wataikumbuka, ili waamue wakijua.

6. UTARATIBU UNAOSHAURIWA

(a) Jina lijulikane wakati wa mafundisho ya wazazi na wasimamizi, si siku ya ibada. Mzee wa kanisa au mwinjilisti wa mtaa aweza kuliandika mapema katika fomu.

(b) Mchungaji aulize maana na asili ya jina, akiwa pamoja na mama na baba. Amsikilize mama hasa, kama Elisabeti alivyostahili kusikilizwa.

(c) Kama jina lina uchungu, aongoze mazungumzo juu ya uchungu huo, kisha awaulize wazazi: binti huyu akisimama mbele ya usharika siku ya Kipaimara, mtafurahi likitangazwa? Wazazi wengi wakiulizwa hivyo hujipatia jibu.

(d) Akatae jina pale tu linapomkana Mungu, linapomweka mtoto chini ya mizimu, au linapomtukana mtoto mwenyewe au mtu mwingine. Hata hapo anakataa jina, wala hamkatai mtoto. Tena afanye hivyo faraghani.

(e) Asibadili wala kuongeza jina kwa hiari yake mbele ya madhabahu. Wazazi wakipenda kuongeza jina la Biblia, iwe kwa furaha yao.

(f) Jina liandikwe katika daftari la ubatizo kwa tahajia ile ile ya cheti cha kuzaliwa.

(g) Msichana aliyekua na jina la aibu akitaka kulibadili, asaidiwe kufuata taratibu za sheria, badiliko likumbukwe katika daftari, na aombewe. Lakini asishurutishwe. Wako akina Shida waliolipa jina lao heshima kubwa, kama Yabesi alivyokuwa na heshima kuliko ndugu zake.

7. HITIMISHO

Waswahili husema, "Jina jema hung'aa gizani." Methali hii husemwa juu ya sifa ambayo mtu hujipatia kwa mwenendo wake, wala si juu ya sauti ya jina alilopewa akiwa mchanga. Kwa hiyo mchungaji hana haja ya kuliogopa jina geni. Litazoeleka, na huenda katika kizazi kimoja likawa jina la bibi ambalo wajukuu watalitaka. Linalostahili kuangaliwa ni kama jina hilo linamruhusu binti kusikia, kila aitwapo, kwamba alipokelewa. Nyumbani pasipomwambia hivyo, basi alisikie kanisani, kutoka kinywani mwa yule anayemwagia maji akimtaja kwa jina lake.